Mto Uliokataa Kuganda

Mama yangu aliuza samaki wakavu Nchelenge tangu nilipokuwa msichana mpaka miguu ilipomkataa, na miaka yote hiyo alikaa akilipa ziwa mgongo. Wenzake walitandaza mifuko yao wakielekea maji, ili waone mitumbwi inapokaribia. Yeye alielekea barabara, akatazama vibanda vya simu na mabasi madogo ya Mansa. Ukimuuliza, alisema upepo wa ziwa unamuumiza macho. Nyumbani tulijua kwamba macho yake hayana ugonjwa wowote, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kilichokuwa ng'ambo ni kaka yangu.

Vita vilipotufikia kule kwetu, upande wa Congo, baba alikuwa ameshakufa kwa homa. Mama alitukusanya tukakimbilia ukingoni pamoja na watu wengine. Mtumbwi ulikuwa mmoja na mwenyewe alikuwa akipiga kelele kama mwendawazimu. Mama akatupandisha sisi wadogo. Mimi nilikalishwa juu ya mfuko wa unga, nikafurahi kwa kuwa nilikuwa juu kuliko wengine. Kaka, mkubwa wetu, ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika, aliambiwa asubiri na mjomba mtumbwi utakaporudi. Haukurudi. Mwenye mtumbwi alipogusa mchanga wa Zambia alisema hata apewe dhahabu hatageuka. Mjomba alikimbilia porini, na kaka akakamatwa na askari, wakamtwika mizigo yao. Miaka ilipita kabla hatujasikia habari zake tena. Wachuuzi wa Kilwa, mji wa ng'ambo ya ziwa, ndio walioleta: yu hai, ana mke na watoto, anauza nyavu huko huko. Mama aliposikia alikaa chini katikati ya soko akalia kama aliyeletewa habari za msiba.

Basi akaanza kumtumia vitu kwa mikono ya wachuuzi. Sukari, kitenge cha mkewe, sabuni. Kila mzigo ulikwenda na maneno yale yale: "Mumuambie bwato ilijaa." Bwato ni mtumbwi. Kila mzigo ulirudi ulivyokwenda, kamba haijafunguliwa. Safari moja mchuuzi alirudi na jibu, akalitoa huku akiangalia chini: "Anasema mutoto wenu alibakia ku mayi. Yeye ni mutu mwingine." Mayi ni maji. Mama alipokea kifurushi chake, akakiweka chini ya kitanda pamoja na vingine. Vikajaa huko mpaka panya wakaifanya sukari kuwa yao.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo mtu hataelewa kwa nini habari za watu wa mbali sana, watu wa farasi na theluji, ziliingia nyumbani kwetu zikatuumiza.

Mama alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, tulimpeleka kwa daktari mgeni aliyekuwa kwenye kliniki ndogo ya wakimbizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mashavu mekundu. Foleni nzima ilimwita Mchina. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Muchina! Muchina!" naye kila mara alisimama na kusema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mimi si Mchina." Walicheka wakaendelea. Mimi nilikuwa nikimtafsiria Kiingereza, kwa kuwa nilisoma shule huku, na niliona jinsi jambo lile lilivyomchosha.

Mama peke yake ndiye aliyemuuliza vizuri. "Kama haiko Muchina, njo kabila gani? Mutu hawezi kukosa kabila."

Daktari akasema yeye ni Mmongolia.

"Mumongolia gani?" mama akauliza. "Kwenu muko namna moja tu? Hapa shiye banatuita ba Congo, sawa tulizaliwa na mama moja."

Nilipotafsiri, kwamba huku sisi sote tunaitwa Wakongo kana kwamba tumezaliwa na mama mmoja, daktari aliiweka chini mashine ya kupimia presha. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aondoke kwao. Yeye ni Mtorguti, akasema, na Watorguti ni tawi la Waoirati, Wamongolia wa magharibi. Tangu siku ile akawa anakuja nyumbani mchana kazi zikipungua, kumsikiliza mama moyo, na nadhani kusikilizwa yeye pia.

Siku ya kwanza alitaja baba zake, mmoja baada ya mwingine, akirudi nyuma vizazi saba bila kukwama, maana ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Mama alivutiwa lakini hakukubali kushindwa. "Banahesabu kwa baba?" akasema. "Mama njo tunamuona anazaa. Baba tunamuamini tu." Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimpenda kwa kicheko kile, maana nyumba yetu haikuwa na kicheko kingi.

Habari za asili yao alizitoa kidogo kidogo. Wengine kwao, alisema, husimulia kwamba Watorguti wa kwanza walikuwa walinzi wa mfalme mkubwa, wale wa zamu ya mchana, ndiyo maana ya jina lao, nalo likawabakia hata baada ya mfalme kuwa udongo. Wengine husema hizo ni sifa za kujipa tu. Lililo hakika ni kwamba walikuwa wachungaji, na malisho yalipokuwa finyu na ugomvi kati ya wakubwa wa Waoirati ukazidi, walifunga mahema yao wakaelekea magharibi na mifugo yote. Walikwenda nchi baada ya nchi mpaka wakafika mto mkubwa unaoitwa Volga, karibu na bahari isiyo na mlango. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia, pande zote mbili za mto. Wakazaliana, wakazika, wakawa wenyeji kwa namna mgeni anavyoweza kuwa mwenyeji.

"Sawa shiye hapa," mama alisema, yaani kama sisi.

Lakini nchi ilikuwa na mwenyewe. Watawala wa huko walianza kuwadai vijana kwa vita visivyowahusu, na wakulima wakaletwa juu ya malisho yao. Wakubwa wa Watorguti wakakutana kwa siri wakaamua kurudi walikotoka babu zao. Waliamua kuondoka majira ya baridi, mto ukiwa umeganda, ili walio ukingo wa magharibi wavuke kwa miguu na mifugo yao wajiunge na wa mashariki, waende wote kwa pamoja.

Hapo ilibidi nikatishe tafsiri, maana mama alinishika mkono. "Mayi inaweza kukuwa barabara?"

Nilimwambia afikirie barafu ya friza za wanunuzi wa samaki, lakini mto mzima. Hakuridhika. "Bang'ombe banapita juu yake? Habazami?" Daktari alimhakikishia kwamba hata ngamia walipita. Mama alitikisa kichwa kama mtu anayedanganywa kwa heshima.

"Basi mwaka ule," daktari akaendelea, "mto ulikataa kuganda."

Waliungoja. Joto kidogo tu lilizidi, na maji yakaendelea kutembea. Siri ilikuwa imeanza kuvuja, na kila siku ya kungoja ilikaribisha askari. Mwishowe wale wa mashariki walichoma moto vitu wasivyoweza kubeba, wakapanda farasi, wakaenda. Wale wa magharibi walibaki wakitazama moshi. Walioondoka walivamiwa njiani, wakapigwa na baridi, kisha njaa, kisha kiu, na inasemekana waliofika hawakufika nusu ya walioanza. Waliofika walipokewa na mfalme wa China, wakagawiwa malisho, lakini mbalimbali, kundi hapa kundi kule, wasije wakawa nguvu moja tena. Kutoka huko wengine ndio waliokuja kukaa magharibi mwa Mongolia, bondeni kwa kina daktari. Waliobaki Volga huitwa Wakalmiki, na wako watu wanaosema maana ya jina hilo ni waliobaki.

"Balikufwa?" mama akauliza. "Bale babakia?"

Daktari alisema hapana, waliishi. Lakini bibi yake akiwa hai kwao Mongolia, huko Volga ilifika siku askari wakawapakia wote kwenye treni katikati ya baridi, wazee na watoto wachanga, wakawapeleka nchi ya theluji, na wengi wakafia huko. Waliosalia waliruhusiwa kurudi baada ya miaka mingi.

"Kwa hiyo benye kuenda balikufwa mu njia, na benye kubakia balikufwa vilevile." Mama alipapasa ukingo wa blanketi. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu mto ulipotajwa. "Kati ya bale babakia, hakukuwa mutoto mwenye mama yake alikuwa upande huu?"

"Walikuwepo," daktari akasema. "Lazima walikuwepo."

"Na ule mama aliendaka?"

"Alienda."

"Banasemaka nini juu yake?"

"Wanasema mto haukuganda."

"Njo vile," mama akasema, na sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Haina kingine." Ndivyo ilivyo, hakuna kingine: hayo yalikuwa maneno yake ya kufungia kila mazungumzo, tangu bei ya chumvi hadi mambo ya Mungu.

Laiti daktari angeachia hapo. Lakini hakujua habari za kaka, hakuna aliyemwambia, na mtu asiyejua kidonda kilipo hukigusa. Akasema bibi yake kila asubuhi alichota upawa wa kwanza wa chai ya maziwa akaumwaga nje, kuelekea magharibi, kwa ajili ya waliobaki. Siku moja alimuuliza bibi, ikiwa kosa ni la mto, chai ni ya nini? Bibi akamjibu: mto haukuganda, ni kweli, lakini farasi tulipanda sisi.

Nilitafsiri. Ningeweza kumeza sentensi ile, na sikuimeza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na bwato. Mama aligeukia ukuta. Daktari akaniangalia, nikamwambia mgonjwa anataka kupumzika.

Nilifikiri mama hatataka kumwona tena. Kumbe kesho yake aliamka akiulizia, "Mutorguti wangu anakuya saa ngapi?" Na alikuwa na shauri.

Sisi kwa upande wa mama ni ukoo wa samaki. Ukoo wa mamba ni watani wetu, kwa sababu mamba hula samaki, na utani huo uko ng'ambo zote mbili za ziwa. Wabemba huwaita watani wa namna hii banungwe. Samaki akifa, mamba huja kuchimba kaburi, na huja pia kumtukana maiti na wafiwa: afadhali umekufa, ulikuwa mchoyo, ulikuwa unanuka. Mfiwa amekatazwa kukasirika. Anachoruhusiwa ni kumpa mtani chochote alicho nacho mkononi, amfunge mdomo. Wachungaji wetu wa kanisa hawaupendi utani huu, lakini huangalia pembeni ukianza. Nchelenge imejaa watu wa ukoo wa mamba, ila mama hakutaka hata mmoja wao. Alisema hawamjui, watamtukana matusi ya jumla.

"Weye utakuwa mamba yangu," akamwambia daktari.

Daktari alishangaa, kisha akafurahi, kisha akakumbuka. Kwao samaki si chakula, na tangu afike mji huu, ambao hata noti za benki zinanuka chisense, dagaa wa ziwa letu, hajawahi kuweka samaki kinywani. Mama alicheka kicheko cha kukosa pumzi. "Mamba haikulake samaki! Mungu amenitumia mamba ya bure."

Baada ya hapo nilizoea kuwakuta pamoja nirudipo sokoni. Daktari alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii, na nilimsikia kutoka nje akirudia sentensi, mama akimsahihisha kwa ukali, kama mwalimu wa katekisimu. Nilipoingia walinyamaza. Nilidhani anafundishwa namna ya kuwaagiza wagonjwa dawa, nikaenda zangu kuwasha moto.

Wiki zake za mwisho mama aliniomba nimpigie kaka. Nilikuwa na namba yake kutoka kwa wachuuzi, na kila nilipoijaribu alikuwa akinikatia. Niliipiga nikiwa nimekaa kitandani, nikaweka simu sikioni mwa mama. Kaka aliitikia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukingoni mama akaisikia sauti yake, sauti ya mwanamume mzima. Niliomba kimoyomoyo aseme jingine, lolote, aseme hata habari za mvua.

"Mwanangu," mama akasema, "ile siku bwato ilijaa."

Upande wa pili palikuwa na kelele za soko. Kisha kaka akauliza taratibu, "Ilijaa na banani, mama?" Akakata.

Ilijaa na mimi. Ilijaa na wadogo zangu. Nilitoka nje nikasimama uani, nikamchukia kaka kwa swali lile, na nikamchukia mama zaidi kwa kutosema jingine.

Alikufa wakati wa mvua, uvuvi ziwani ukiwa umefungwa kwa msimu, meza za soko tupu na mji mzima umenuna. Nilimpigia kaka nikasema, "Mama amekufa," akakata kama kawaida yake. Kesho yake mchana, sanduku likiwa bado sebuleni na kina mama wameketi chini wakiimba, mwanamume alisimama mwisho wa ua, amelowa mvua ya ziwani, amebeba kikapu. Hakuna aliyemtambua. Mimi nilimjua kwa masikio, yalikuwa ya baba. Nilikwenda nikampokea kikapu. Hatukukumbatiana. Aliingia, akasimama upande wa miguu ya sanduku na kofia mkononi, uso wake mkavu kabisa.

Daktari alifika na koti lake la mvua. Akasalimia wazee, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, na watu wakanong'onezana kwamba Mchina amekuja kuaga. Mimi nilijua amekuja kufanya kazi ya mtani. Nikasimama kando yake tayari kutafsiri, nikitegemea matusi mepesi ya mgeni mwenye adabu. Alininyooshea kiganja, ishara ya kwamba hanihitaji.

"Weye mama!" akasema, kwa sauti kubwa. "Leo unalala kimya. Mudomo yote ile imeenda wapi? Kila siku bwato ilijaa, bwato ilijaa. Bongo, unadanganya! Bwato haikujaa. Kulikuwa nafasi ya mufuko ya unga. Uliangalia unga, ukaangalia mutoto, ukapandisha unga. Ukasema ule mukubwa atajua kujitafutia. Mutoto alikufuata mu mayi mpaka mu magoti, akaita, ukageuza uso, na toka ile siku haujageuka. Mayi haina kosa. Mwenye bwato hana kosa. Ni weye ulisema twende. Njo vile, haina kingine."

Waliokuwa wakiimba walinyamaza. Nilihisi chini yangu, kama vile bado nimekaa juu yake, mfuko ule wa unga, laini na wa vuguvugu kwa jua. Tuliula kambini mpaka tukapata karatasi za kupewa chakula. Mwezi mzima wa uji. Hakuna mtu duniani aliyeujua mfuko ule isipokuwa sisi tuliokuwa ndani ya mtumbwi na yule aliyebaki nje. Na yale hayakuwa maneno ya mtu wa theluji. Alivyovuta "haujageuka", alivyopumzika kabla ya "njo vile", alikuwa mama. Alikuwa amekaririshwa neno kwa neno, siku zile nilizokuwa nawasha moto.

Daktari alimgeukia kaka, macho yake yamejaa machozi, lakini hakuacha kazi. "Na weye, kichwa nguvu sawa yeye! Unakuya leo, chakula imeisha, mwenye kukupikia amelala."

Kaka alimtazama kwa muda mrefu. Wazee wa mamba waliokuwepo walianza kusogea, wakiogopa kwamba mtu wa Kilwa hatajizuia. Akainama kwenye kikapu, akatoa samaki mmoja mkavu, akamweka mkononi mwa daktari. Daktari akamtazama yule samaki, akamuuma, akatafuna, akameza, na baadhi ya kina mama wakapiga vigelegele huku wakilia.

Tulimzika jioni ile ile kwenye matope. Baadaye nilimkuta kaka nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda cha mama. Nilikuwa nimemletea vile vifurushi vya chini ya kitanda, sikujua la kufanya navyo. Alivipokea akaviweka magotini bila kuvifungua.

"Ule mamba," akasema. "Ni mama alimufundisha."

"Ni mama."

Alipitisha kidole juu ya fundo la kamba, fundo alilolirudisha yeye mwenyewe, mwaka hata siujui.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa, "boti ya kurudi iko kila asubuhi. Unaweza kukaa siku mbili tatu."

Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha mama, uliokuwa wazi, na kitanda kilichokwisha kutandikuliwa.

"Angeniambia vile," akasema, "ningekuya."